Kabaya Ketu

Miezi ya mwisho ya mimba yangu nilikuwa na matumbo mawili: moja la Ewuaso Kedong na lingine la Noonkopir.

Ewuaso, kwa mama mkwe, nilikula kama mgonjwa. Kwao, watu wa Kimaa, mwanamke akikaribia kujifungua hupunguza chakula. Anaacha nyama, anaacha maziwa yenye mafuta, ili mtoto abaki mdogo na atoke bila shida. "Mtoto akinenepa huko ndani atakataa mlango," mama mkwe aliniambia, akinipimia uji nusu kikombe. Tulikuwa tunaenda huko mara kwa mara, kwa sababu mume wangu ndiye kitinda mimba na anaamini nyumba ya mama yake haiwezi kusimama bila yeye kuiangalia. Tukirudi Kitengela, kwa nyumba yetu ya kupanga pale Noonkopir, nilikuwa nafungua sufuria kabla sijavua viatu. Na jioni mama yangu mzazi angepiga simu kutoka Murang'a. "Umekula nini? Hiyo si chakula. Kula tena."

Naandika haya mapema ili mtu asifikirie nilinyimwa. Sikunyimwa. Mwanamke aliyezaa watoto saba bila kupasuliwa aliniambia anachojua, na nikiwa kwake nilimtii. Nikiwa kwangu nilitii njaa. Ni nani alikuwa sahihi sijui. Mimi niliishia darasa la nane, na mambo ya tumbo hata waliosoma nimesikia wakibishana.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake. Nilikuwa kibandani ninakoshona sare za shule, nimekaa kwa cherehani na sketi ya mtu iliyoshonwa nusu, nikasikia kitu cha moto kikiteremka miguuni. Kwanza niliangalia kama nimemwaga chai. Kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa. Nikazima pasi, nikafunga kibanda, nikampigia mume wangu, ambaye anaendesha lori la kuuza maji.

"Niko kwa laini ya kisima," akasema. "Kuna malori mengine mbele yangu."

"Mtoto naye hana laini," nikamwambia.

Uchungu sitauandika sana. Kila mwanamke aliyewahi kuzaa ananisimulia wa kwake, na wa kwangu naona ulikuwa wa kawaida. Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni ule ukimya wa katikati. Uchungu ulikuwa ukija, halafu ukienda, na ukienda chumba cha zahanati ya Kitengela kilikuwa kinatulia hadi nasikia fundi huko nje akichomelea geti la mtu. Katika ukimya mmoja kama huo nikaelewa kitu. Nilikuwa nimefikiri ni mimi ninayezaa, kazi ni yangu. Kumbe kuna mtu mwingine upande wa pili, hanijui, hajawahi kuniona, na yeye pia anafanya kazi. Anasukuma kichwa chake kwa giza, akiamini kuna mahali. Sijui kama ninakieleza vizuri. Niliogopa, lakini haikuwa hofu ya kufa. Ilikuwa hofu ya kukutana na mgeni mkubwa ukiwa hujafagia.

Nesi alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa miaka. "Mama, unanisukuma mimi," akaniambia, kwa sababu nilikuwa nimemkaba mkono. "Niachilie, usukume mtoto."

Nikasukuma mtoto. Akatoka, na chumba kikawa na mtu mmoja zaidi bila mlango kufunguliwa.

Alilia sauti ya mwanambuzi. Walipomweka juu yangu alinyamaza, akafungua jicho moja, jeusi, jicho la mtu aliyeamshwa na anataka kujua ni nani aliyemwamsha. Nilitaka kumwambia kitu cha maana. Nikasema, "Ni mimi."

"Ni msichana," nesi akasema. Alimpima, na nikaona akimpima tena. Hakufika uzito wa pakiti ya unga. "Ni mdogo, lakini anajitahidi. Tutawapeleka Kajiado, kuna wadi ya watoto kama hawa."

Niliuliza kama ni kwa sababu ya kula. Naandika jibu lake kama alivyolisema, kwa sababu baadaye watu wawili walitaka kulibadilisha. Alisema, "Amekuja mapema. Wakija mapema huwa wadogo. Kwa nini amekuja mapema, siwezi kukudanganya, sijui."

Walimfunga kifuani mwangu, ndani ya nguo, ngozi yake kwa ngozi yangu, na leso juu ya leso. Barabara ya kwenda Kajiado ninaijua, ile tambarare yote ya Isinya na nyaya za mashamba ya watu, lakini siku hiyo sikuiona. Nilisikia tu upepo ukisukuma gari ubavuni. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisikiliza pumzi. Ilikuwa inakuja, inakatika kidogo kama mtu anayefikiria, inakuja tena. Kila ikikatika na mimi nilikuwa naacha kupumua, na nadhani nilifika Kajiado nikiwa nimepumua nusu ya ile ninayopaswa.

Mume wangu alitufuata na lori. Lilikuwa limejaa. Aliliegesha nje ya hospitali, likidondosha maji kwa lile bomba la nyuma lisilofungika vizuri.

"Umekuja na maji ya watu?" nikamuuliza.

"Ningeyamwaga wapi?"

Nikafungua leso kidogo, akaona. Akavua kofia. Alisimama vile mtu husimama kwa nyumba ya watu wakubwa, hajui aketi wapi.

"Anapumua yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Bila kufundishwa," akasema. Wenye maji walikuwa wanapiga simu na hakuishika.

Ile wadi ni ya kubeba watoto kifuani. Mtoto aliyezaliwa mdogo hawekwi kitandani, anakaa kwa mwili wa mtu mchana kutwa, apate joto na asikie moyo. Tulikuwa akina mama kadhaa, kila mmoja amekaa na uvimbe mdogo ndani ya nguo, kama watu wote tumeiba maembe. Msimamizi alikuwa nesi mama mtu mzima, mwenye viatu visivyotoa sauti. Yeye ndiye aliyenieleza shida yangu, na alinieleza bila kuzungusha.

"Joto yuko nayo. Sasa anataka maziwa. Akipata yako atapanda. Asipopata atashuka, na huyu ni mdogo, hana pa kushukia."

Maziwa hayakuwepo. Nilikamua vile walinionyesha, kwa kikombe kidogo, na nilipata tone, halafu tone, kama umande uliosahaulika chini ya sufuria. Walimpa hayo matone kwa kijiko. Akameza, akalala. Hakulia hata kuomba, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtoto asiyeomba anatumia nguvu za mwisho kunyamaza. Mama wa kitanda cha pili alikuwa anakamua hadi kikombe kinajaa. Sikumwonea wivu. Nimejiuliza tena sasa hivi, na naona nilimwonea kidogo.

Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza, kwa sababu Ewuaso si mbali kama Murang'a. Walikuwa wamechinja kondoo. Kwao mwanamke akizaa huchinjiwa, na mafuta yale yote ni yake, anakunywa hadi mwili urudi. Alikuja na chupa ya chai, ndani ikiwa supu yenye mizizi michungu, na mtungi mdogo wa mafuta. Alikuwa amevaa shanga zake zote, safu juu ya safu, zikilia akitembea, na wadi nzima ikageuka. Akainama, akafungua leso kwa kidole kimoja, akamwangalia mjukuu wake sana.

"Kabaya haka," akasema. "Ni kabaya kabisa."

Mimi nilikuwa najua. Kwao mtoto mchanga hasifiwi. Ukisema ni mzuri umemwita anayesikia, na hujui ni nani anayesikia. Kwa hivyo wanamtukana mtoto kwa upendo, na kadiri wanavyompenda ndivyo matusi yanavyozidi. Macho ya mama mkwe yalikuwa yamejaa machozi wakati akisema masikio yake ni ya popo.

Lakini mama yangu alikuwa hajui. Na alikuwa amesimama nyuma yake, na kiondo mkononi, ametoka Murang'a na giza, na neno la kwanza kusikia kuhusu mjukuu wake wa kwanza ni hilo.

"Nani ni mbaya?" akauliza.

"Huyu," mama mkwe akamjibu, kwa furaha yote. "Hebu angalia hiyo pua."

Mama yangu akaweka kiondo chini polepole. "Nimekuja njia hiyo yote kusikia mtoto akitukanwa? Na nyinyi ndio mmemfanya akawa hivi, na njaa yenu."

"Mdogo alitoka, mama. Mkubwa angekwama. Ungetaka gani, mkubwa amekwama?"

"Ningetaka aliyekula."

Nilijaribu kuwaeleza kile nesi wa Kitengela alisema. Niliwaeleza pia ile maana ya kabaya. Wote wawili wakanigeukia wakasema kwa pamoja, "Wewe kula." Ndicho kitu cha kwanza walikubaliana tangu niolewe.

Basi nikala. Mama yangu alikuwa amenipondea njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu mzazi lazima ayale ndipo maziwa yaje, akayachanganya na ndizi mbivu na viazi. Mama mkwe alinimiminia supu na kuitia kijiko cha mafuta juu. Nilichukua kijiko cha njahi, nikameza supu, nikarudi kwa njahi. Nilikuwa makini nisipendelee.

"Hiyo mafuta itamlalia moyoni," mama yangu akasema.

"Na hiyo nyeusi itampea mtoto upepo," akasema mama mkwe. "Atapigwa na tumbo hadi Krismasi."

"Watoto wangu wote walinyonya njahi. Umewahi kumwona mmoja amepasuka?"

"Nimemwona mmoja," mama mkwe akasema, akiniangalia. "Amezaa na hana maziwa."

Hapo hakuna aliyecheka, hata yeye aliyesema. Niliona anajuta. Nesi mama alikuwa amefika na viatu vyake vya kimya, na sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

"Akina mama," akasema. "Vyakula sina shida navyo, leteni vyote. Shida yangu ni kifua. Huyu hajalala tangu azae, na mama asiyelala maziwa yake yanajificha. Nataka mtu aoshe kifua ambebe mtoto, huyu alale. Nani kati yenu?"

Mama yangu ni mtu wa kanisa. Blauzi yake hufungwa hadi shingoni, na sijawahi kumwona bila kitambaa kichwani hata nyumbani. Mama mkwe akashika shanga zake.

"Hizi?" akauliza.

"Zitoke. Zitamgandamiza, na ni baridi."

Alianza kuzitoa. Za juu zilitoka kirahisi. Zile za ndani zilikuwa na ndoano nyuma ya shingo ambazo mikono yake haikufika, na alizunguka mara mbili akitafuta, kama mtu anayejikuna. Mimi sikuweza kuinuka. Mama yangu alimwangalia akizunguka. Halafu akafuta vidole kwa kitambaa, akaenda nyuma yake.

"Inama kidogo."

"Polepole. Hiyo ya chini ni ya harusi. Haijawahi kutoka."

"Hata ukioga?"

"Hata nikizaa."

Alichukua muda. Vidole vya mama yangu vimechuma kahawa maisha yake yote, vinajua kitu kidogo. Ndoano ikaachia, na ile ya harusi ikatoka, na chini yake kulikuwa na ngozi ambayo jua halikuwa limeiona tangu mama mkwe alipokuwa msichana. Ilikuwa nyororo na ya rangi nyingine, kama ngozi ya mtu mdogo anayeishi ndani ya mkubwa. Baadaye nilipomsimulia mume wangu, akasema hata yeye hajawahi kuiona.

Hapo ndipo walipomweka mtoto. Alikunja miguu, akatia sikio lake la popo kwa ile ngozi, akapumua nje pumzi moja ndefu. Nimeona vitu vichache maishani, sijasafiri. Lakini sidhani kama aliyesafiri ameona kikubwa kuliko hicho. Mwanamke yule alinizalia mume. Mume akanipa mtoto. Na sasa mtoto alikuwa amerudi kulala mahali baba yake alitoka.

Mama yangu aliketi na shanga zote mapajani, amezishika kwa mikono miwili kama amepewa mtoto yeye pia.

"Ni nzito," akasema.

"Unazoea."

"Ulizishona mwenyewe?"

"Nyingine ni mama yangu. Nyingine ni mimi. Na ya huyu nitashona."

"Rangi gani?"

"Akikubali kukaa, ndiyo tutaongea rangi."

Mama yangu alizigeuza zile shanga. "Atakaa," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya kubishana.

Kisha mama mkwe akaniita nisogeze kichwa. Kwao baraka ni mate. Mzee anakunyunyizia kidogo, kama umande, na mtoto mchanga ndiye anayestahili zaidi. "Nesi amekataa kwa mtoto," akasema, "na sitamkosea, yeye ndiye mwenye nyumba. Lakini kwako hajakataa." Akanitemea hewa yenye unyevu kidogo kwenye paji la uso, akasema maneno ya Kimaa ambayo sikuyashika yote. Nilishika neno la maziwa na neno la mtoto.

Nilimwangalia mama yangu kwa pembe ya jicho. Nilifikiri sasa ataondoka na kiondo.

"Nyanya yangu alikuwa anafanya hivyo," mama yangu akasema. "Kwa kifua. Asubuhi tukienda shamba."

"Kwa nini mliacha?"

Akafikiri. "Kanisa," akasema. Halafu, "Na sabuni."

Mama mkwe alicheka hadi mtoto akapanda na kushuka. Na mama yangu, yule wa blauzi iliyofungwa, akainama akanitemea kifuani, kidogo sana, haraka, vile mimi hutemea pasi kuona kama imepata moto. Akaketi tena bila kuniangalia. Nililala.

Nilipoamka dirisha lilikuwa na jua la mchana, na nguo yangu ilikuwa imelowa. Kwanza nilifikiri nimejimwagia uji. Nikatafuta kikombe. Halafu nikaona inatoka kwangu, pande zote mbili, inashuka hadi kwa shuka, haiulizi mtu. Mtoto alikuwa kwa mama yangu sasa. Blauzi ilikuwa imefunguliwa vifungo, kitambaa kiko begani, na mama yangu alikuwa amesinzia na mdomo wazi, mkono wake umefunika mgongo wote wa mtoto. Shanga alikuwa amezirundika mapajani, hajaziweka chini.

"Mama," nikasema. "Mlete."

Nesi alikuja kumshikisha. Mara ya kwanza mtoto aliteleza, mara ya pili akapiga chafya. Halafu akashika. Sikujua mdomo mdogo hivyo unaweza kuwa na nguvu hiyo. Sikio lake lilikuwa likitembea kila akimeza, na sisi watatu tuliinama tukiangalia sikio kama watu wanaosikiliza habari. Akameza. Akapumzika. Akameza tena, na jicho moja likafunguka, lile lile la siku ya kwanza, likaniangalia, na safari hii niliona halina swali.

"Ni mafuta," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Ni njahi," mama yangu akasema.

"Ni usingizi," akasema nesi. "Na hata bila hayo, siku za maziwa zilikuwa zimefika. Yangekuja tu."

Nimelifikiria hilo sana tangu wakati huo, nikinyonyesha, maana ukinyonyesha unapata nafasi ya kufikiri. Nilikula njahi na nilikunywa supu, na nilijaribu viwe sawa. Nilitemewa na huyu, nikatemewa na huyu. Nililala. Nesi amesoma, na mimi siwezi kumpinga. Lakini pia siwezi kusimama mbele ya mmoja wa wale wanawake niseme si yeye. Nikiulizwa nitasema maziwa yalikuja, na kwamba nilikuwepo.

Mtoto alinyonya hadi akaachilia mwenyewe, tone jeupe kwa kidevu. Mama yangu alimpangusa kwa kidole. Alimwangalia usoni, kipande kwa kipande, pua, kidevu, yale masikio. Niliona neno zuri likimjia mdomoni, lile ambalo kila nyanya wa kwetu husema. Akalimeza.

"Kabaya," akasema.

Mama mkwe akageuka. "Unasema?"

"Nasema ni kabaya haka ketu. Haya masikio ni mabaya kabisa. Sijawahi kuona."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyesikia hatimaye mtu akiongea lugha ya watu. Halafu akamgeuzia mgongo, akainamisha shingo, na mama yangu akaanza kumvika shanga, akianza na ile ya chini.